Mbigili: ua la jangwani linaloweka akiba ndani ya mwiba

Wengi wetu tumeujua mbigili kwa nyayo kabla ya kuujua kwa macho. Aliyekulia Dodoma, Singida, Lodwar au Garissa hahitaji kuelezwa: umetoka mbio peku, hatua ya tatu umesimama kwa mguu mmoja kama korongo, unausaka mwiba unyayoni. Ua lililouzaa mwiba ule, ni wachache waliowahi kulitazama. Ni la manjano, lina petali tano, ukubwa wake kama kifungo cha shati, na limekaa chini kiasi kwamba hulioni vizuri mpaka uchuchumae. Linafunguka asubuhi. Kufikia alasiri limekwisha.

Wataalamu wa mimea wanauita Tribulus terrestris, jina lililoandikwa na Carl Linnaeus mwaka 1753. Kwa Kilatini, tribulus ilikuwa silaha: chuma chenye ncha nne kilichomwagwa njiani ili kuumiza kwato za farasi wa adui. Kiangukie vyovyote, ncha tatu hushika ardhi na ya nne hutazama juu. Hapo askari wa Kirumi na mtoto wa Kigogo wangeelewana bila mkalimani.

Mmea huu umeenea mno. Uko Sahara, uko Rajasthan kule India, uko Oman, uko kwenye nyika za Karoo huko Afrika Kusini, na uko kwetu kuanzia jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, hadi uwanja wa mpira wa shule ya kijijini. Dodoma hupata takriban milimita 570 za mvua kwa mwaka, Lodwar karibu 200 tu, na pote huko mbigili unaona uko nyumbani. Swali ni namna gani. Jibu ambalo wengi hulitoa haraka, kwamba mmea wa jangwani ni mvumilivu wa kiu, kwa mbigili si sahihi.

Wavumilivu wapo. Mbuyu hujaza maji shinani na kupukutisha majani kiangazi kikianza. Mkonge, ule ule wa mashamba ya Tanga, hufunga matundu ya majani yake mchana kutwa na kuyafungua usiku, jua likiwa limezama na hewa imepoa. Nanasi nalo hufanya hivyo. Hiyo ni mimea inayokabiliana na ukame ana kwa ana, mwaka baada ya mwaka, mahali pale pale. Mbigili hauna subira hiyo. Wenyewe ni mtoro. Mvua ikinyesha na ardhi ikiwa na joto, mche hutokeza baada ya siku chache. Baada ya takriban wiki tatu unatoa maua, na wiki mbili baadaye matunda ya kwanza yameshakuwa magumu. Ardhi ikikauka, mmea unakufa bila kupigana. Kama unyevu upo unaendelea kutambaa na kuzaa, mamia ya matunda, hata zaidi. Lakini hauwekezi chochote katika kuishi hadi msimu ujao. Kila ulichonacho umekitia kwenye mbegu.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kufafanua, na watu huyachanganya: namna mmea unavyofanya kazi katika zile wiki chache za uhai wake, na namna mbegu zinavyokaa miezi au miaka ardhini bila mvua. La kwanza ni la kemia. La pili ni la hesabu, na kwa maoni yangu ndilo tamu zaidi.

Tuanze na kemia. Ili jani litengeneze chakula lazima liingize hewa ya ukaa, na hewa hiyo hupitia matundu madogo mno yaitwayo stomata. Tatizo ni kwamba tundu likifunguka kuingiza hewa, maji nayo hutoka humo humo kama mvuke. Hakuna tundu la kuingizia peke yake. Kwa maharage au mpunga, kila molekuli moja ya hewa ya ukaa inayoingia hugharimu mamia ya molekuli za maji zinazopotea.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Kimeng'enya kinachokamata hewa ya ukaa ndani ya jani, kiitwacho rubisko, ni kizembe kidogo: mara nyingine hukamata oksijeni badala yake, na mmea hulazimika kutumia nguvu kurekebisha kosa. Joto likipanda, makosa huongezeka. Stomata zikijibana kuokoa maji, hewa ya ukaa ndani ya jani hupungua na makosa yanazidi tena. Ndiyo sababu jua kali lina ukatili wa aina yake kwa mmea wa kawaida: ukijibana kwa ajili ya kiu, unashikwa na njaa.

Mbigili umelitatua hilo kwa njia ambayo mkulima yeyote ameiona bila kujua, kwa sababu ndiyo njia ya mahindi, mtama na muwa. Hewa ya ukaa inapoingia jani, hukutana kwanza na kimeng'enya kingine ambacho oksijeni haiwezi kukidanganya. Kimeng'enya hicho huigeuza kuwa asidi yenye atomi nne za kaboni, kisha asidi hiyo husafirishwa hadi kwenye seli za ndani zinazozunguka mishipa ya jani. Huko hewa ya ukaa huachiliwa tena, safari hii ikiwa imerundikana, na rubisko imefungiwa humo humo. Ikizungukwa na hewa ya ukaa kila upande, haina nafasi ya kukosea. Wanasayansi wawili waliokuwa Brisbane, Australia, Hatch na Slack, ndio walioifafanua njia hii kwa kuchunguza miwa, wakaandika juu yake mwaka 1966. Kwa sababu ya zile kaboni nne, huitwa njia ya C4.

Faida yake ni kwamba stomata zinaweza kuachwa nyembamba na kazi ikaendelea. Kwa jumla mmea wa C4 hutumia karibu nusu ya maji ambayo mmea wa kawaida hutumia kupata kiasi kile kile cha hewa ya ukaa. Gharama yake ni nguvu, kwa maana kuisukuma hewa hadi chumba cha ndani si bure, na nguvu hiyo hutoka kwenye jua. Kivulini faida inapotea. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini mbigili hupenda njia, viwanja, kingo za barabara na shamba lililolimwa juzi, na kwa nini humkuti ndani ya kichaka. Ni asilimia 3 hivi tu ya mimea yote inayotoa maua ndiyo yenye njia hii, na wengi wao ni nyasi. Ua la majani mapana kuwa nayo ni jambo la nadra. Hata ndani ya ukoo wa mbigili wenyewe, vile vichaka vya larea vinavyotawala majangwa ya kusini magharibi mwa Marekani havina. Vyenyewe vimechagua kuvumilia.

Mengine ya mwili wake niyapitie haraka. Matawi hutoka katikati kama miali na kulala chini pande zote, hata kufikia mita moja na zaidi, ili kushika jua lote la eneo lake kabla mwingine hajaota. Ukizungukwa na nyasi, huinuka kidogo kutafuta mwanga. Mzizi mkuu huteremka wima. Majani yana vinyweleo laini vyenye rangi ya fedha, hasa upande wa chini. Na lile ua la siku moja lina ujanja mmoja wa kutaja: likifunga, petali zake husukuma chavua kwenye stigma yake lenyewe, yaani ncha ya kike inayopokea chavua. Nyuki akija asubuhi, vema. Asipokuja, ua limejitosheleza. Mtoro hawezi kumsubiri mgeni asiye na ahadi.

Sasa hesabu. Chukua tunda la mbigili lililokauka. Ukiliminya kidogo linaachana vipande vitano, kila kimoja kikiwa na umbo la kabari, ganda gumu kama mbao, na miba miwili mikubwa pamoja na midogo chini yake. Kile tunachokichomoa unyayoni ni kimoja tu kati ya vipande hivyo. Ukikipasua kwa koleo utakuta ndani hakuna mbegu moja, bali vyumba viwili, vitatu, hata vinne vimepangwa, kila chumba na mbegu yake. Na mbegu hizo hazilingani. Iliyo kubwa zaidi huota kwanza. Ndugu zake, walio ndani ya ganda lile lile, waliolowa kwa mvua ile ile, hubaki wamelala. Wanaweza kungoja msimu mwingine, au miaka kadhaa.

Kwa akili ya kawaida huu ni uzembe. Mvua imekuja, kwa nini usiwatoe wote? Tuifanye hesabu polepole, maana hapa ndipo wengi hupotea.

Tuseme mmea una mbegu 100 ardhini. Mwaka mwema, kila mbegu iliyoota huacha mbegu 10. Mwaka mbaya, mvua hukatika mapema na zote zilizoota hufa kabla ya kuzaa. Mbegu iliyolala, ili hesabu iwe nyepesi, tuseme haipungui. Tuipe miaka miwili, mmoja mwema na mmoja mbaya.

Mmea wa kwanza huotesha mbegu zote. Mwaka mwema una 1,000. Mwaka mbaya una sifuri, na hapo habari yake imekwisha. Mmea wa pili unaacha kidogo: huotesha 90 katika kila 100. Mwaka mwema unavuna 900, ukiongeza zile 10 zilizolala ni 910. Mwaka mbaya, asilimia 90 ya hizo zinaota na kufa, zinabaki 91. Tazama vizuri: baada ya mwaka wa neema na mwaka wa shida, umepungukiwa na mbegu 9. Mmea wa tatu huotesha nusu. Mwaka mwema una 550, mwaka mbaya zinabaki 275. Mmea wa nne ni mwoga, huotesha 10 tu katika 100: unapata 190, kisha 171.

Mshindi ni yule wa nusu. Ukichezea tarakimu utaona kiwango bora kwa mfano huu ni kama 44 katika 100, karibu sana na nusu. Ukianza na mwaka mbaya badala ya mwema, majibu hayabadiliki. Na miaka mibaya ikiwa mingi kuliko myema, kiwango bora kinashuka zaidi.

Kinachochanganya ni wastani. Ukipiga wastani wa kawaida, mmea wa pili unaonekana bora: mwaka mwema unazidisha mbegu zake mara 9.1, mwaka mbaya mara 0.1, wastani mara 4.6. Mmea wa nusu una wastani wa mara 3 tu. Lakini miaka haijumlishwi, inazidishwa. Ulichovuna mwaka huu ndicho unachoanzia mwakani, kwa hiyo mwaka mmoja wa mara 0.1 hula karibu yote yaliyoletwa na mwaka wa mara 9.1, na mwaka mmoja wa sifuri hufuta karne nzima ya mavuno. Mkulima wa nyanda kame anayepanda sehemu ya mbegu kwa mvua ya kwanza na kuficha debe moja ghalani anaifanya hesabu hii kila mwaka bila kalamu.

Wahenga walikwisha kusema akiba haiozi. Wanasayansi walichelewa kidogo: Dan Cohen, mwanabiolojia wa Yerusalemu, ndiye aliyeiandika kwa lugha ya hisabati mwaka 1966. Ushahidi wa shambani ulichukua muda zaidi. Huko Tucson, Arizona, kwenye kilima cha Tumamoc, Larry Venable na wenzake wamekuwa wakihesabu maua madogo ya jangwa la Sonora tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, miche mingapi imeota, mingapi imezaa, mbegu ngapi zimebaki ardhini. Mwaka 2007 Venable alionyesha kwamba aina ambazo mavuno yake hubadilika-badilika sana mwaka hadi mwaka ndizo huotesha sehemu ndogo zaidi ya mbegu zao. Kadiri bahati isivyoaminika, ndivyo akiba inavyokuwa kubwa, kama hesabu ilivyotabiri.

Tofauti ya mbigili ni kwamba mgawanyo huu umejengwa ndani ya kipande kimoja cha tunda. Mbegu za mama mmoja, chumba hadi chumba, zimepewa zamu. Ila hapo kuna kasoro: ndugu wote wako mahali pamoja. Pakiwa pabaya, ni pabaya kwao wote, iwe mwaka huu au mwaka wa tatu. Ndipo mwiba unapoingia kazini. Chumba hugawa wakati, mwiba hugawa mahali. Kipande hujibandika kwenye kwato ya ng'ombe, kwenye pedi ya unyayo wa ngamia, kwenye makatambuga ya mchungaji, na kusafiri naye hadi kisimani, yaani mahali ambapo ardhi imekanyagwa, iko wazi, na mara nyingi ina unyevu. Mwiba wenye nia mbaya usingechagua kituo kizuri hivyo.

Katika karne ya 20 mwiba ulipata usafiri bora kuliko kwato: tairi la mpira. Ulifika Marekani, ukaenea magharibi yote kwa reli, magari na baiskeli, na kule watu huuita kichwa cha mbuzi, kwa sababu kipande kimoja ukikigeuza kina pembe mbili. Fundi baiskeli wa Boise, jimbo la Idaho, ana kisa kile kile cha kuziba pancha alicho nacho mwenzake wa Manyoni.

Miba hiyo ina kazi ya tatu, na ushahidi wake uko mbali, visiwani Galápagos. Anayeishi kule ni ndugu wa karibu, Tribulus cistoides, mwenye maua makubwa zaidi, ambaye pia anapatikana kwenye fukwe zetu za Bahari ya Hindi. Kwenye kisiwa kidogo cha Daphne Major, Peter na Rosemary Grant walikuwa wakiwapima ndege wadogo, chiriku wa Darwin, mdomo kwa mdomo. Mwaka 1977 mvua karibu haikunyesha. Mbegu laini zililiwa zikaisha, kikabaki hasa kile kisichotamanika: vipande vya mbigili. Ndege wenye midomo minene waliweza kuvipasua. Wenye midomo myembamba hawakuweza, na wengi wao walikufa. Kizazi kilichofuata kilikuwa na midomo minene kuliko kile cha kabla ya ukame, ingawa tofauti yenyewe ni chini ya milimita moja. Mfano huu hutajwa kila mara kuonyesha mabadiliko ya viumbe yakitokea mbele ya macho, na kwa kawaida sifa zote humwendea ndege. Lakini kufuli lililompima lilikuwa ganda la ndugu wa ua hili.

Niseme neno juu ya dawa, kwa kuwa najua ndiko wengi walikolisikia jina hili siku hizi. Unga wa mbigili unauzwa mitandaoni na vibandani kama dawa ya nguvu za kiume, kwa madai kwamba huongeza homoni ya testosteroni. Majaribio yaliyofanywa kwa wanaume wenye afya hayakuonyesha homoni hiyo ikiongezeka. Kemikali zimo kweli, saponini nyingi, lakini mfugaji wa Karoo atakueleza upande wake mwingine: kondoo wakila mbigili uliosinyaa baada ya mvua, mirija ya nyongo inaweza kuziba, ngozi ikashindwa kustahimili jua, kichwa kikavimba na kugeuka njano. Kwa Kiafrikana ugonjwa huo huitwa geeldikkop, kichwa kinene cha njano. Mmea ni dawa kwa anayeujua na anayejua kipimo. Kijiko cha kupimia kwenye kopo la plastiki si kipimo.

Adui halisi wa mbigili anafahamu udhaifu wake kuliko sisi. Ni mdudu mdogo wa jamii ya fukusi. Mwaka 1961 Wamarekani walileta aina mbili kutoka Italia: mmoja hutaga mayai kwenye tunda likiwa bado bichi, na funza wake hula mbegu ndani kabla ganda halijawa mbao, mwingine hutoboa shina. Mafanikio yao yalionekana zaidi Hawaii, walikopelekwa mwaka uliofuata. Somo la jembe ni lile lile la fukusi: wahi tunda likiwa kijani. Ukipalilia miba ikishakauka, unausaidia mbigili kuisambaza. Na hata ukiwahi, usishangae mwakani ukiona miche mipya mahali ulipong'oa yote. Si majirani walioileta.

Siku ukikuta mche mchanga mvua ikiwa imetoka kunyesha, uchimbue taratibu kwa kijiti mpaka chini, ujaribu kuutoa pamoja na ganda ulimotokea. Lioshe, lipasue. Chumba kimoja kitakuwa kitupu. Angalia vilivyo kando yake: kama hakuna mdudu aliyewahi, mbegu bado zimo, kavu na ngumu, na zamu yao haijafika.